Zilizoshuka kwenye orodha tuzisikilize kwanza

Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone la Marekani lilipotoa orodha yake ya albamu 500 bora za nyakati zote, nafasi tano za juu zote zilishikwa na albamu za miaka ya sitini. Iliongoza Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles, ikafuata Pet Sounds ya The Beach Boys, kisha Revolver ya Beatles, Highway 61 Revisited ya Bob Dylan na Rubber Soul, nayo ya Beatles. Katika kumi bora, saba zilikuwa za muongo huo. Mwaka 2020 jarida hilohilo likapiga kura upya, likiwauliza watu zaidi ya 300, na meza ikapinduka: What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971, ikapanda kileleni, zikabaki mbili tu za miaka ya sitini ndani ya kumi bora, na Sgt. Pepper ikaporomoka hadi nafasi ya 24. Mei 2024 Apple Music, huduma ya muziki wa intaneti, nao wakaja na orodha yao ya albamu 100. Namba moja wakaiweka The Miseducation of Lauryn Hill ya mwaka 1998, na kumi bora yao ina albamu moja tu ya miaka ya sitini, Abbey Road ya Beatles, katika nafasi ya tatu.

Mabishano yaliyofuata yamewagawa wapenzi wa muziki makundi mawili. Wapo wanaosema kizazi cha simu kimepoteza subira ya kukaa na albamu, na kwamba mtu anayeweza kuzitanguliza albamu 23 mbele ya Sgt. Pepper basi hajui kusikiliza. Wapo wanaowajibu kwamba orodha za zamani zilitungwa na wanaume wa Kizungu wa rika moja waliozipigia kura santuri za ujana wao, na kwamba sasa haki imetendeka. Nimezipitia albamu za muongo ule kwa mfuatano wa miaka, zile zinazotajwa kila mara na baadhi ya zilizosahauliwa, na naona makundi yote mawili yanagombania majina huku kipimo kikibaki palepale bila kuhojiwa. Kipimo chenyewe ni kwamba albamu bora ni kazi moja iliyofikiriwa kwa ukamilifu, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kipimo hicho kilizaliwa na hadithi inayosimuliwa kuhusu miaka ya sitini, lakini albamu zenyewe za miaka ya sitini, ukizisikiliza, mara nyingi hazikitimizi. Ndiyo maana zinashuka: zimepitwa na albamu za baadaye katika mbio ambazo nyingi kati yake hazikuwahi kuzikimbia. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu wenyewe ya kukihoji kipimo hicho, kwa kuwa ndicho kilichotuacha nje ya mlango.

Tuanze na chombo chenyewe. Kampuni ya Columbia ilitoa santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika mwaka 1948, na mwaka uliofuata RCA Victor wakajibu kwa santuri ndogo ya mizunguko 45. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi ziligawanyika hivyo: santuri ndefu, yenye dakika ishirini na kitu kila upande, ilikuwa ya watu wazima wenye fedha, wapenzi wa okestra, jazi na tamthilia za nyimbo; ile ndogo, wimbo mmoja kila upande, ilikuwa ya vijana na ya mashine za kupiga santuri baani. Mgawanyo huo haukufa siku muongo mpya ulipoanza. Albamu iliyokaa kileleni mwa chati ya Marekani kwa wiki 54 kati ya 1962 na 1963 ni ya nyimbo za filamu ya West Side Story. Uingereza, nyumbani kwa Beatles, nyimbo za filamu ya The Sound of Music zilikaa namba moja kwa jumla ya wiki 70 kati ya 1965 na 1968. Nazitaja takwimu hizo kwa sababu mtu anapodai kwamba watu wa wakati ule walijua kusikiliza albamu, inafaa akumbushwe walichokuwa wakinunua. Kwa upande wa bendi za vijana, albamu ya kawaida mwanzoni mwa muongo ilikuwa vibao viwili vitatu vilivyokwisha kupendwa, vikisindikizwa na nyimbo za kujazia.

Hadithi inaanzia hapo. Desemba 1965 Beatles wakatoa Rubber Soul, albamu isiyo na wimbo wa kujazia. Brian Wilson wa Beach Boys akaisikia kule California, akaona kumbe albamu nzima inaweza kuwa na hali moja, akajifungia studio na wanamuziki wa kukodi wa Los Angeles, na Mei 1966 akatoka na Pet Sounds. Paul McCartney wa Beatles akaisikia hiyo, naye na wenzake wakaingia studio za EMI za Abbey Road mwishoni mwa Novemba 1966, wakatoka Aprili 1967 wakiwa na Sgt. Pepper. Mlolongo huo ni wa kweli, wahusika wenyewe wameukiri, na sina nia ya kuudharau. Pet Sounds hasa ilinishika. Wilson, aliyefariki Juni 2025, alikuwa karibu kiziwi wa sikio la kulia, kwa hiyo aliichanganya albamu yote kwa mono, sauti zote zikitoka mahali pamoja. Ukiisikiliza hivyo huwezi kusema hiki ni kinanda na hili ni gitaa; ala zimeyeyushwa pamoja hadi ikatokea ala moja isiyo na jina, na juu yake vijana wanaimba mambo ya mapenzi huku huzuni ikipita chini kwa chini kama hawaioni. Dakika 36 zinakwisha hujui zimekwendaje. Marekani iliishia nafasi ya 10 tu kwenye chati, matokeo ya kukatisha tamaa kwa kundi lililozoea vibao. Kama kuna albamu inayoitetea hadithi ile, ni hii.

Tatizo linaanza ukiuliza Wilson alisikia Rubber Soul ipi. Iliyotolewa Uingereza ina nyimbo 14. Kampuni ya Capitol, iliyosambaza santuri za Beatles Marekani, iliondoa nne kati ya hizo, ikiwemo Drive My Car inayoifungua, ikaokota mbili kutoka kwenye albamu iliyotangulia, ikapata nyimbo 12 zenye magitaa makavu mengi kuliko bendi yenyewe ilivyopanga. Hiyo ndiyo iliyofika California. Umoja uliomtoa Wilson usingizini, ule unaosemwa kuwa ndio mwanzo wa albamu kama sanaa, ulipangwa na watu wa ofisini waliokuwa wakihesabu nyimbo ili wabakize za kuuzia santuri nyingine. Nilizisikiliza zote mbili mfululizo. Ya Marekani imetulia zaidi na imeshikamana zaidi, na kwa kipimo cha hadithi yenyewe ndiyo iliyo bora, ingawa walioziimba nyimbo hizo hawakuwahi kuupanga mfuatano huo.

Sgt. Pepper nayo haiko mbali na hali hiyo. Bendi ya kubuni inayobeba jina la albamu inajitambulisha mwanzoni, inaaga karibu na mwisho, na katikati haionekani. John Lennon wa Beatles alikuja kusema wazi kwamba nyimbo zake hazikuhusiana kabisa na wazo hilo na zingeweza kukaa katika albamu nyingine yoyote. Zaidi ya hapo, kazi ile ilianza na nyimbo mbili za kukumbuka utoto wa Liverpool, Strawberry Fields Forever na Penny Lane, ambazo Februari 1967 zilinyofolewa zikatolewa kwenye santuri ndogo kwa sababu soko lilidai kibao. Na kwa desturi yao Uingereza, wimbo uliokwisha kuuzwa peke yake hawakupenda kuurudisha ndani ya albamu. Kwa maneno mengine, albamu inayosifiwa kwa ukamilifu ilipoteza nyimbo mbili zilizokuwa msingi wake kabla haijamalizika. Mpiga gitaa Jimi Hendrix yalimkuta kinyume chake mwaka huohuo: Are You Experienced ya Uingereza haina Purple Haze, ya Marekani, iliyotoka miezi mitatu baadaye, inafunguliwa nayo. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu albamu hiyo, kila mmoja akizungumzia kitu chake.

Mkanganyiko unaongezeka ukifika kwenye uchanganyaji wa sauti. Uingereza ya wakati ule mono ndiyo iliyokuwa mali halisi. Beatles walikaa na mafundi kuichanganya Sgt. Pepper ya mono kwa makini, ile ya stereo ikafanywa harakaharaka wao wakiwa hawapo. She's Leaving Home ya mono inakwenda kasi zaidi na iko juu zaidi kisauti kuliko ya stereo, hata huruma yake ni nyingine. Siku hizi programu za muziki hukutangulizia stereo, na kwa miaka ya karibuni hukutangulizia matoleo yaliyochanganywa upya: Sgt. Pepper ya 2017, kisha Revolver ya 2022, ambapo teknolojia ya timu ya mwongoza filamu Peter Jackson ilitumika kutenganisha gitaa, besi na ngoma zilizokuwa zimebanwa pamoja kwenye njia moja ya kanda. Wapo wanaosema hatimaye tunasikia kile walichokisikia wenyewe studio. Siwezi kukubali. Revolver ya 2022 naipenda, ngoma za Ringo Starr zimepata mwili, lakini ni maoni ya mwaka 2022 juu ya kazi ya mwaka 1966. Stereo za zamani zina vituko vyake pia: katika Rubber Soul sauti za waimbaji zimesukumwa upande mmoja na ala upande mwingine, kiasi kwamba mkigawana spika za masikioni ndani ya daladala, mmoja wenu atapata waimbaji na mwingine atapata bendi.

Albamu nilizorudia mara nyingi zaidi zilirekodiwa kwa haraka ambayo leo ingeitwa uzembe. Otis Redding aliingia studio ya Stax mjini Memphis Julai 1965, na kwa muda wa takriban saa 24 Otis Blue ikawa imekamilika, mapumziko yakiwa ni pale tu wapigaji walipokwenda kutimiza miadi yao ya kupiga kwenye klabu na kurudi studio usiku wa manane. Nyimbo ni 11, nyingi za watu wengine: tatu za Sam Cooke, aliyeuawa kwa risasi Desemba iliyotangulia, na moja ya bendi ya Rolling Stones iliyokuwa na wiki chache tu sokoni. Hakuna wazo linaloziunganisha. Kinachoziunganisha ni koo moja, chumba kimoja, na wapiga tarumbeta wanaojibu kila anapovuta pumzi. Katika A Change Is Gonna Come, Redding hajaribu kuufikia ulaini wa Cooke. Anaimba kama mtu anayemzika ndugu yake huku ana kazi ya kumaliza kabla hakujapambazuka. Respect imo humo pia, miaka miwili kabla Aretha Franklin hajaichukua na kuigeuza madai ya mwanamke.

Tazama tena Live at the Apollo ya James Brown, iliyorekodiwa Harlem, New York, tarehe 24 Oktoba 1962. Syd Nathan, mwenye kampuni ya King, aliona ni upuuzi kutoa santuri ya onyesho la jukwaani lenye nyimbo ambazo watu walikwisha kuzinunua, akakataa kugharamia; Brown akalipa kutoka mfukoni mwake. Ilipotoka 1963 ikavunja hesabu zote za Nathan, na watangazaji wa redio zilizowalenga Wamarekani Weusi wakawa wanaipiga upande mzima bila kuikata. Hilo ni jambo zito kuliko linavyopewa uzito. Kusikiliza dakika kumi na tano mfululizo, jambo linalodaiwa kufundishwa na Beatles mwaka 1967, kulikuwa tayari kunafanyika kwa wasikilizaji Weusi wa Marekani miaka minne kabla, tena kwa albamu iliyopangwa kwa mantiki ya jukwaa. Kwenye Lost Someone, inayopita dakika kumi, Brown anashusha sauti hadi karibu mnong'ono, anangoja, mwanamke mmoja ukumbini anapiga ukelele, naye anaendelea kungoja. Sijasikia studio yoyote ya miaka ile iliyotengeneza kimya chenye nguvu kama kile.

A Love Supreme ya mpiga saksafoni wa jazi John Coltrane inaivuruga hadithi zaidi, maana hiyo ina kila sifa ambayo kipimo kinaitaka. Coltrane alifika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey, tarehe 9 Desemba 1964, akiwa na McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma. Alikuwa na mpango mzima kichwani: sehemu nne, na sala aliyoiandika mwenyewe ikachapwa kwenye jalada. Katika sehemu ya mwisho saksafoni inaisoma sala hiyo silabi kwa silabi bila neno kutamkwa; ukifungua jalada unaweza kufuata kwa kidole. Dakika 33, zilizorekodiwa kikao kimoja, zaidi ya miaka miwili kabla ya Sgt. Pepper. Kama kweli tunatafuta albamu ya muongo ule iliyo kazi moja yenye kusudi, muundo na kituo, hii hapa. Haikuwekwa kuwa mfano kwa sababu ilikaa rafu ya jazi, na walioiandika hadithi walikuwa wakitazama rafu ya roki.

Nyingine nitazipita haraka. Nyimbo kumi kati ya 14 za Please Please Me, albamu ya kwanza ya Beatles, zilirekodiwa siku moja, tarehe 11 Februari 1963, na ule wa kukwaruza koo, Twist and Shout, ukaachwa mwisho kwa kuwa Lennon alikuwa na mafua na sauti yake isingeliweza wimbo mwingine baada ya hapo. Astral Weeks ya Van Morrison ilifanywa New York kwa vikao vichache mwaka 1968, kijana wa miaka 23 kutoka Belfast akiwa na wapigaji wa jazi waliokuwa hawamjui na ambao hakuwaeleza mengi. Besi ya Richard Davis ndiyo inayoshika usukani, mwimbaji anaifuata, na uzuri wote uko katika kule kutafutana. Sidhani ingesalimika kama wangepewa miezi mitano.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu zake: studio ililipiwa kwa saa, upande wa santuri ulijaa kwa dakika ishirini na kitu, na mashine nyingi za kanda hazikuzidi njia nne. Fundi aliyetaka kuongeza ala ya tano ilimbidi azichanganye zilizotangulia ziwe kitu kimoja, na akishazichanganya hakuna kurudi nyuma. Hata Sgt. Pepper, pamoja na miezi yake yote, ilirekodiwa kwenye mashine za njia nne, na kila hatua yake ni uamuzi usiotenguka. Naamini nguvu ya muongo huo inakaa hapo, katika watu waliolazimika kuamua palepale wakiwa chumba kimoja, kuliko katika lile wazo la kazi kamili.

Sasa turudi kwenye mabishano. Hoja ya subira ndiyo dhaifu kuliko zote. Anayewalaumu vijana kwa kutoweza kukaa na albamu anasahau kwamba Pet Sounds haifiki dakika arobaini, ilhali albamu ya Lauryn Hill iliyowekwa namba moja inapita dakika sabini. Kama subira ingekuwa imekufa, orodha ya 2024 ingeongozwa na kitu kifupi. Anasahau pia kwamba kuchagua wimbo mmoja na kuurudia, jambo linalowaudhi wazee, ndiyo tabia hasa ya mnunuzi wa santuri ndogo wa mwaka 1964.

Hoja ya haki ina uzito zaidi. Ni kweli kwamba kubadilisha wapigakura kulibadilisha matokeo, na ni kweli kwamba Marvin Gaye, Stevie Wonder, Joni Mitchell na Lauryn Hill walistahili kupanda zamani. Mashaka kwamba kampuni inayouza muziki kwa intaneti ina maslahi katika kinachosikilizwa nayo nayaona ni halali. Lakini angalia waliopanda walipanda kwa sifa gani. What's Going On nyimbo zake zinaunganishwa bila kukatika, ina msimuliaji mmoja na dhamira moja. The Miseducation ina darasa la kubuni linalopita kati ya nyimbo. Hizo ni kazi kamili kweli, na kwa kipimo cha ukamilifu zinaishinda Sgt. Pepper bila taabu. Haki iliyotendeka imewahusu walioweza kutoa albamu kamili, na hadi mwishoni mwa miaka ya sitini waliopewa nafasi hiyo walikuwa wachache. Motown yenyewe, kampuni ya Detroit iliyorekodi wanamuziki Weusi, ilijengwa juu ya santuri ya mizunguko 45. Ubora wake mkubwa wa muongo ule umetawanyika katika dakika tatutatu, na orodha ya albamu haina pa kuuweka.

Hapo ndipo suala linapotufikia sisi. Afrika Mashariki ya miaka ya sitini kwa sehemu kubwa haikutoa albamu. Nairobi, studio ya Equator Sound ilirekodi akina Fadhili William na Daudi Kabaka wimbo kwa wimbo, kwa santuri ndogo zilizopigwa gramafoni za majumbani na kwenye redio. Tanzania, bendi za dansi kama Cuban Marimba na Morogoro Jazz zilikuwa na redio ya taifa kama mlango wao mkuu. Wimbo ulirekodiwa kwenye kanda, ukarushwa hewani, ukapendwa au ukasahaulika. Hakuna aliyekaa chini kuupanga upande wa kwanza na wa pili. Matokeo yake, muziki wa muongo ambao nchi zetu zilipata uhuru, tunaouita zilipendwa na kuufungulia kila Jumapili, haumo katika orodha yoyote ya dunia, na hauwezi kuwamo hata wapigakura wangekuwa wenye nia njema kiasi gani. Ubora wake haukuhojiwa kamwe. Fomu ya kupigia kura ndiyo isiyokuwa na kisanduku chake. Kabaka aliimba Helule Helule, The Tremeloes wa Uingereza wakaichukua, na mwaka 1968 ikaingia chati za huko. Wasikilizaji wa London waliweza kuutambua wimbo mzuri kutoka Nairobi bila kuuliza uko katika albamu ipi.

Kiswahili, hata hivyo, kimo ndani ya albamu za miaka ile kuliko wengi wanavyojua. An Evening with Belafonte/Makeba ya mwaka 1965, iliyoshinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, ina Malaika, wimbo ambao ugomvi wa nani mtunzi wake haujaisha mpaka leo. Na kabla ya hapo, Novemba 1960, mpiga piano Randy Weston aliwakusanya New York wanamuziki wa okestra kubwa ya jazi, Max Roach, Freddie Hubbard, Yusef Lateef, Clark Terry na Mnijeria Babatunde Olatunji wakiwamo, muziki ukapangwa na Melba Liston, mashairi yakaandikwa na Langston Hughes, wakarekodi Uhuru Afrika. Sehemu zake ni nne, na majina ya mbili yanaeleweka na mtoto wa shule ya msingi wa Tanga au Mombasa: Uhuru Kwanza na Kucheza Blues. Katika utangulizi Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, anatamka shairi la uhuru la Hughes, Kiswahili kikisikika studio New York wakati Tanganyika yenyewe ilikuwa bado na mwaka mmoja na zaidi kabla ya bendera kupandishwa. Mwaka 1964 serikali ya Makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Ina wazo moja, ina mwanzo na mwisho, ilitangulia Sgt. Pepper kwa zaidi ya miaka sita. Kwa kipimo kilekile ninachokipinga ilipaswa kuwa karibu na kilele cha kila orodha. Nimeisikiliza nikitafuta udhaifu wa kuielezea hatima yake. Nimeupata mmoja tu, kwamba sehemu ya pili, African Lady, inalemewa kidogo na uimbaji wa namna ya opera. Hilo halitoshi kuiondoa katika mazungumzo.

Kuna watakaosema orodha ni mchezo tu wa kuuzia magazeti. Zingekuwa mchezo kama zisingekuwa na matokeo. Albamu inayotajwa sana ndiyo inayosafishwa sauti upya, inayochapwa tena kwa santuri nzito za bei mbaya, inayotengewa teknolojia ya kutenganisha ala. Kanda za redio zetu hazina anayezipigia kura, na kanda ya sumaku iliyokaa stoo yenye joto na unyevu haisubiri. Watunzaji na wafadhili wakiendelea kuuliza "mna albamu zipi za miaka ya sitini?" jibu litakuwa fupi na fedha zitakwenda kwingine. Wakiuliza kuna rekodi zipi, kila wimbo ukahesabiwa kwa siku uliyorekodiwa, mahali na waliokuwa chumbani, orodha ya Nairobi na Dar es Salaam itakuwa ndefu. Hata wasikilizaji wa Beatles wangefaidika, kwa sababu wangejua kila mara wanasikia toleo gani.

Ningepewa fomu ya namna hiyo, ningeandika Uhuru Kwanza ya Weston, dakika kumi za Lost Someone, A Love Supreme yote, kikao kizima cha Otis Blue, Helule Helule ya Kabaka mwenyewe, na Rubber Soul ya Capitol, ile iliyopangwa ofisini. Sgt. Pepper kama albamu ningeiacha nje. A Day in the Life, wimbo wake wa mwisho, ningeuweka karibu na juu kabisa, na kwa mono.